SOMO LA MWEZI: TUKATE UZI WA SHANGA ZA BIBI, AU TUUACHE?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 32:1-4, Kutoka 35:20-29, Kutoka 38:8



Somo la mwezi huu linahusu jambo linalozigawa familia zetu kimya kimya. Bibi aliyevuka ziwa mwaka 1972 amefariki. Baada ya matanga, mkebe wake unafunguliwa. Ndani yake kuna uzi wa shanga za zamani, bangili ya fedha, kikuku cha shaba, na pengine kile kipande cheupe cha kombe ambacho kwa Kirundi tunakiita ikirezi. Vitu ni vichache, warithi ni wengi, na hawakai tena pamoja. Binti mmoja alirudi Rumonge mwaka 2008. Wa pili alichukua uraia wa Tanzania na yupo hapa makazini. Wa tatu alikuwa kambini Kigoma, akapelekwa Marekani pamoja na wale walioanza kuchukuliwa mwaka 2007.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema tukate uzi, kila mtu apate shanga zake. Mwingine anasema tupeleke bangili kwa sonara iyeyushwe, tugawane fedha. Wa tatu anasema asiyeheshimu vitu vya marehemu atapata laana. Je, nani yuko sawa? Tujifunze pamoja, hatua kwa hatua.

1. Tujue kwanza vitu hivi vilitoka wapi

Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianza Rumonge na Nyanza-Lac, na baada yake mauaji yakaenea nchi nzima. Watu wa pwani yetu walikimbilia mitumbwini, wengine wakaenda Kigoma, wengine wakavuka kwenda Kongo. Aliyekimbia usiku hakubeba kitanda wala gunia la mawese. Kilichovuka ni kile kilichokuwa shingoni, mkononi, au kilichofungwa katika pindo la kanga. Ndiyo maana vitu hivi vidogo vina uzito mkubwa katika nyumba zetu. Baadaye tukapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mkebe wa bibi ukaja nasi.

Lakini habari za vitu vyenyewe ni za zamani kuliko 1972. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walileta shanga za kioo kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ujiji, na kutoka Ujiji zikasambaa kwa mitumbwi pande zote za ziwa. Nyingi zilitengenezwa Venice, katika nchi ya Italia. Wageni Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, na Stanley, aliyefika mwaka 1871, waliandika kwa urefu juu ya shanga hizo, kwa sababu bila shanga za rangi iliyotakiwa msafiri alilala na njaa. Aina moja iliyoitwa sofi, iliyofanana na vipande vya bomba la kiko, ilikuwa ndiyo fedha ya soko la Ujiji. Novemba 1871 Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi wakapita pwani yetu kwenda kaskazini ya ziwa, na jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, ni ukumbusho wao. Njiani walilipa chakula na hongo kwa nguo na shanga.

Shaba nayo ilikuja kama waya mnene kwenye mabega ya wapagazi, na wahunzi wakaizungusha kuwa vikuku na bangili. Ikirezi cha asili kilikatwa kutoka kombe la Bahari ya Hindi, si la ziwa letu. Kilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka kifike Rumonge, na kwa hiyo kilivaliwa na watu wa heshima. Wazee wetu wana methali: "Uwambaye ikirezi ntamenya ko cera", maana yake aliyevaa ikirezi hajui kwamba ni cheupe. Sisi tuliozaliwa nyumbani kwa bibi tuliona vitu hivi kila siku, na mara nyingi hatukuuliza.

2. Kilichohesabiwa na kilicho kizima

Sasa tufike kwenye swali. Kanuni tunayowapa ni hii: kilichokusanywa kwa kuhesabu kinaweza kugawanywa, lakini kilichotengenezwa kikiwa kizima kisigawanywe.

Tuanze na shanga. Wengi wanaogopa kukata uzi wakidhani wanavunja kitu ambacho mababu walikiacha kizima. Lakini tukumbuke soko la Ujiji. Pale shanga zilitungwa, zikahesabiwa, zikafunguliwa, zikatungwa tena. Zilikuwa na vipimo vyake: keti kumi zilifanya fundo moja. Mwanamke aliyeuza samaki asubuhi alipokea shanga, na jioni alizitoa kununua chumvi au mawese. Uzi wenyewe wa pamba au wa nyuzi za mimea haukudumu, ulioza, na kila kizazi kilitunga upya. Huenda uzi tunaouogopa leo ni ule bibi alioununua dukani hapa hapa makazini. Basi kama shanga ni 90 za aina moja, mabinti watatu wakichukua 30 kila mmoja hawajaharibu kitu. Wamefanya kile kile kilichofanywa na shanga hizo tangu zilipofika ziwani.

Kuna mahali pa kuangalia kabla ya mkasi. Kama shanga zina mpangilio, yaani kubwa iko katikati, rangi zinafuatana kwa zamu, au kuna alama upande mmoja tu, basi aliyezitunga alikusudia kitu kimoja. Huo si mkusanyiko wa kuhesabu tena. Uzi ukiwa umeoza tungeni upya kwa mpangilio ule ule, kisha mkabidhini mtu mmoja.

Ikirezi ni kinyume kabisa cha shanga. Ni kipande kimoja. Ukikikata vitatu hupati virezi vitatu, unapata vigae vitatu. Vivyo hivyo bangili iliyochorwa na fundi, au hereni mbili zilizofanywa kuwa jozi. Kitu cha namna hiyo hakigawanywi, kinakabidhiwa. Mmoja atakitunza, na wengine wapewe kitu kingine, au wakubaliane kupokezana wakati wa harusi na mikutano ya ukoo.

3. Kuyeyusha: pigeni hesabu kabla ya kwenda kwa sonara

Watu wengi huyeyusha kwa matumaini makubwa, kisha wanarudi na fedha ndogo. Tuangalie hesabu yenyewe.

Bangili nyingi za fedha za zamani zilifuliwa kutokana na sarafu. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani na Zanzibar, ina uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu 1,000 fedha halisi ni 833, yaani gramu 23 na kidogo. Tena msidanganyike na mwaka 1780 ulioandikwa juu yake. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa miaka mingi baadaye ikiwa na mwaka ule ule. Rupia ya Wajerumani, walioitawala Burundi hadi 1916, ina gramu 11.66, na fedha halisi ndani yake ni karibu gramu 10.7.

Tuseme bangili ina gramu 60 na ilifuliwa kutokana na riale. Fedha halisi ni kama gramu 50. Bei ya dunia huhesabiwa kwa aunsi, na aunsi moja ya madini ni gramu 31.1. Bangili yote basi ni aunsi moja na nusu na kidogo. Gawanya kwa warithi watatu: kila mmoja anapata karibu nusu aunsi. Ulizeni bei ya siku hiyo, pigeni hesabu, kisha mkumbuke kwamba sonara hanunui kwa bei ya dunia. Anapunguza kwa ajili ya risasi ya kuungia, kupungua motoni, na faida yake. Kikuku cha shaba ni kidogo zaidi. Shaba chakavu hununuliwa kwa kilo, na kikuku cha gramu 100 ni sehemu ya kumi ya kilo. Kukiyeyusha ni kuuza historia kwa bei ya sahani.

Je, mtajuaje kama ni fedha kweli? Kama bangili ni nzito, haina uwazi ndani wala mawe, mnaweza kuipima nyumbani. Ipimeni uzito. Tieni maji katika kikombe, wekeni alama ya maji yalipofika, kisha ning'inizeni bangili kwa uzi izame yote. Maji yatapanda. Yavuteni kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka yarudi kwenye alama, mkihesabu mililita. Gawanyeni gramu kwa mililita. Fedha safi inatoa 10.5, shaba nyekundu karibu 8.9, shaba ya njano karibu 8.5. Bangili ya gramu 84 ikitoa mililita 8 ni dalili ya fedha nzuri, ikikaribia mililita 10 ni shaba iliyopakwa. Fedha iliyochanganywa na shaba itaangukia katikati. Kipimo hiki hakitoshi kwa mauzo, lakini kinatosha kumfanya mtu asidanganywe kirahisi.

Sarafu zilizotobolewa na kuvaliwa shingoni zinahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga hapa Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu iliyomo haizidi gramu 5 na nusu, lakini wakusanyaji huilipia zaidi sana kuliko dhahabu hiyo. Anayeiyeyusha anatupa sehemu kubwa ya mali yake motoni. Kwa hiyo sarafu yoyote ionyesheni kwa mtu anayejua sarafu, si kwa sonara peke yake, na msiisugue ing'ae, maana kusugua kunaishusha thamani.

4. Mali bila daftari huisha bila habari

Methali hii ya Waswahili inatosha kuwa kichwa cha sehemu hii. Vitu vyetu vina thamani ya aina tatu: ya madini, ya kazi ya fundi, na ya ushahidi. Ya kwanza hubaki hata baada ya moto. Ya pili hupotea motoni. Ya tatu hupotea hata bila moto, kama hakuna aliyeandika.

Kwetu sisi tuliotoka Rumonge ushahidi si jambo dogo. Zaidi ya watu 50,000 walirudi Burundi kutoka makazi haya kuanzia mwaka 2008, na wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilisikiliza mashauri mengi ya pwani ile. Ndugu zetu waliulizwa: kilima gani, jirani yako alikuwa nani, mpaka ulipita wapi? Uzi wa shanga si hati ya shamba, tusidanganyane. Lakini wakati bibi anaushika uzi ule na kusema alipewa na nani, siku gani, nyumbani kwa nani, anataja majina na mahali ambayo hayajaandikwa popote. Mkigawana shanga bila kuandika maneno hayo, mmegawana kioo tu.

Basi kabla ya kukata au kuyeyusha chochote, fanyeni haya:

(a) Muulizeni mzee aliye hai, na mtu mmoja aandike: nani alivaa, alipata kwa nani, kijiji gani, kilivukaje ziwa.

(b) Pigeni picha kwa simu, mbele na nyuma, pamoja na rula ili ukubwa uonekane. Tumeni picha kwa warithi wote, maana simu huibiwa.

(c) Tandikeni kitambaa cheupe, pangeni shanga kama zilivyokuwa kwenye uzi, zihesabuni, andikeni idadi na rangi. Kateni uzi juu ya kitambaa hicho hicho, si juu ya mkeka wenye matundu.

(d) Osheni kwa maji na kitambaa laini. Limau na siki visiguse ikirezi kamwe, kwa sababu asidi hula kombe. Shanga msizichemshe.

(e) Tungeni kwa uzi imara wa kushonea, ukikunjwa mara mbili, na fundo kila baada ya shanga chache, ili uzi ukikatika zisimwagike zote. Nailoni ya mshipi wa samaki hukakamaa na fundo lake huteleza.

(f) Kila fungu liende na nakala ya karatasi ile ya (a).

5. Nani ana sauti?

Anayekaa na mkebe siye mwenye mkebe. Mara nyingi yule aliyemuuguza bibi anaamua peke yake, na ndugu wa Rumonge anasikia habari wakati bangili imekwisha kuwa pete za watu wengine. Hilo limevunja undugu katika nyumba nyingi. Wapeni wote taarifa, wapeni muda wa mwezi mmoja, na jibu la kila mmoja liandikwe. Kukaa kimya kwa aliye mbali msikuhesabu kuwa ni kukubali mpaka mmempigia na kumsikia.

Na kama kuna mgonjwa, au mtoto anakosa shule? Hapa tuseme wazi: mtu ni mkubwa kuliko bangili. Bibi mwenyewe alibeba vitu hivi ili watoto wale, si ili wavitazame wakiwa na njaa. Uhitaji ukiwa wa kweli, uzeni bila kuona haya. Ila uzeni kitu kikiwa kizima, kwa sababu kizima kina bei ya madini na ya ufundi pamoja. Na kabla ya kumpelekea mgeni, mwulizeni ndugu mwenye uwezo kama atakinunua yeye. Mara nyingine yule wa Marekani angelipa ada ya mtoto kwa furaha, ili ikirezi kibaki katika ukoo.

6. Mambo mawili ya kuangalia

La kwanza ni pembe za ndovu. Kama kuna bangili ya pembe, msiikate, msiiuze, wala msimpe mtu asafiri nayo. Biashara ya pembe kati ya mataifa imepigwa marufuku tangu 1990, na hapa Tanzania kukutwa nayo bila kibali ni kosa kubwa, hata kama ilikuwa ya babu. Tafuteni ushauri wa ofisi ya wanyamapori mapema.

La pili ni hofu. Wengine hutupa kila kitu cha zamani wakisema ni hirizi. Tutofautishe. Kitu kilichofungwa dawa kwa ajili ya uganga ni jambo la kuzungumza na wachungaji. Lakini shanga zilizonunuliwa kwa samaki sokoni Ujiji ni shanga tu. Hazina laana kwa anayezikata, wala baraka kwa anayezificha. Na kama hakuna anayeweza kutunza kitu cha pekee, yapo Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ambayo hutunza vitu vya namna hiyo.

7. Andiko linatufundisha nini?

Someni maandiko tuliyotaja mkiyaweka pamoja. Katika Kutoka 32 watu wanavua pete za masikio, zinayeyushwa, inatoka ndama. Katika Kutoka 35 watu wale wale wanavua pete na vikuku, na inajengwa hema. Katika Kutoka 38:8 vioo vya shaba vya wanawake vinageuzwa kuwa birika la kunawia. Dhahabu ni ile ile na moto ni ule ule. Tofauti ni hii: ndama alifanywa kwa haraka na kwa hofu, kwa sababu kiongozi alichelewa kurudi. Hema lilijengwa na watu ambao mioyo yao iliwapa kutoa, kwa kazi iliyojulikana, na kila kitu kikahesabiwa.

Kuvunja kitu cha zamani basi si dhambi, na kukiacha si utakatifu. Jiulizeni: tunakigeuza kuwa nini, nani amekubali, na je, tumeandika? Mkiweza kujibu matatu haya mbele ya ndugu wote, chukueni mkasi kwa amani. Msipoweza, fungeni mkebe, mngoje.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Nyumbani kwenu kuna kitu gani kilichovuka ziwa? Nani anajua habari zake, na ana umri gani?

2. Kitu hicho kilikusanywa kwa kuhesabu, au kilitengenezwa kikiwa kizima?

3. Kikiyeyushwa leo, kila mrithi atapata kiasi gani? Kiasi hicho kitafanya kazi gani?

4. Ni ndugu gani hajaulizwa? Nani atampigia wiki hii?

Tunawaomba kila kikundi kianze na swali la kwanza, na mwenye kalamu aje na daftari.